Mlima Unaotunza Umeme

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini umeme huikaidi methali hiyo. Ukishaingia kwenye nyaya za gridi hauwekeki: unaozalishwa sekunde hii sharti utumike sekunde hii. Ukipungua, taa hufifia na mitambo hujizima. Ukizidi, ni hasara. Ufundi ninaousifu hapa ni ule wa kuutafutia umeme ghala, na ghala lenyewe ni maji yaliyopandishwa mlimani.

Kaskazini mwa Wales kuna mlima uitwao Elidir Fawr. Tangu mwaka 1787 watu walikuwa wakiuchonga ubavu wake ili kupata mawe bapa ya kuezekea nyumba, hadi machimbo ya Dinorwic yalipofungwa mwaka 1969 na kuacha jeraha kubwa na watu wengi bila kazi. Mwaka 1974 mafundi walirudi kwenye mlima huohuo, safari hii kuutoboa. Juu lipo ziwa Marchlyn Mawr, chini lipo Llyn Peris, na kati yao kuna mteremko wa takribani mita 500. Usiku, watu wakilala na umeme ukizidi, mashine huyasukuma maji hadi juu. Mahitaji yakipanda, maji hayohayo huachiwa yateremke na kuzizungusha mashine zilezile zilizoyapandisha, zikawa jenereta.

Kueleza ni rahisi. Kujenga ndiko kulikowatoa watu jasho. Mahandaki yaliyochimbwa yana jumla ya kilomita 16 hivi, na takribani tani milioni 12 za mawe zilihamishwa. Katikati ya mlima walichonga ukumbi wenye urefu wa mita 180 na kimo cha mita 51. Humo zikafungwa mashine sita, kila moja ikiweza kutoa karibu megawati 300. Kwa kuwa eneo hilo linapakana na hifadhi ya taifa, nyaya za kilomita 10 hivi zilizikwa ardhini badala ya kutundikwa kwenye nguzo. Hata samaki wa asili wa Llyn Peris walihamishiwa maziwa mengine kabla ya kazi kuharibu makazi yao. Kituo hicho, kiitwacho Dinorwig, kilipofunguliwa mwaka 1984, mpita njia hakuona cha ajabu isipokuwa mlima na maji. Huo nauita ufundi wenye adabu, unaofanya kazi kubwa bila kuuvua mlima heshima yake.

Lakini fundi wa kujenga huondoka, akamwachia kazi fundi wa kuendesha, na huyu sifa zake hazisemwi sana. Mashine ya Dinorwig inaweza kuzungushwa ndani ya hewa iliyoshindiliwa, maji yakiwa yamesukumwa chini ya mapanga yake, huku ikienda mwendo mmoja na gridi nzima. Haitoi umeme, inangoja amri. Amri ikija, milango ya maji hufunguka, na ndani ya sekunde 12 kituo huweza kupanda kutoka sifuri hadi megawati 1,320. Uingereza inauhitaji wepesi huo. Tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi ilipokwisha, mamilioni walisimama kwa pamoja kuwasha birika za chai, na mahitaji ya umeme yakaruka kwa megawati 2,800. Kwa mruko kama huo, wasimamizi wa gridi hukaa na ratiba ya televisheni mkononi.

Wapo watakaouliza faida iko wapi, maana kila vipimo vinne vya umeme vinavyotumika kupandisha maji hurudisha takribani vitatu tu. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haijamaliza. Umeme wa saa tisa usiku usio na mtumiaji na umeme wa saa mbili usiku, hospitali zikiwa zimejaa na kila jiko likiwaka, havina thamani moja. Fundi hapa hauzi wingi, anauza wakati. Robo inayopotea ndiyo bei ya kuwa tayari, na nchi isiyolipa bei hiyo hulipa kwa giza.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si hadithi ya mbali. Kule Olkaria, Kenya, mvuke wa ardhini haujui usiku wala mchana, na watu wakilala sehemu yake huachwa ipotee kwa kukosa watumiaji. Upepo wa Turkana nao hauvumi kwa kufuata saa zetu za kupika. Milima tunayo, na vijana wanaosomea uhandisi tunao. Wapewe vipimo, fedha na muda, waanze kuichunguza milima hiyo sasa, kwa sababu ghala la namna hii huchukua miaka mingi kujengwa.