Nani Huyu “Mzee wa Mila”? Uhakiki wa Istilahi Moja katika Maandishi kuhusu Tarime na Serengeti

Mwezi Desemba wa mwaka wa namba shufwa unapokaribia, taarifa za habari na ripoti za miradi kuhusu wilaya za Tarime na Serengeti humrejelea mhusika mmoja: “wazee wa mila”. Huo ndio msimu ambao koo nyingi za Wakuria huwatahiri wavulana na, licha ya katazo la sheria, huwakeketa wasichana. Wazee hao hutajwa mara kama kikwazo, mara kama nguzo ya ustawi wa jamii. Hoja ya makala haya ni kwamba istilahi hiyo, pamoja na sarufi inayoandamana nayo, humficha mwenye mamlaka hasa. Na anayeumia kwa ufichaji huo ni mtoto wa kike.

Tuanze na maana. Neno mzee hujumuisha umri na heshima. Mila, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na dini na wafuasi wake, katika Kiswahili huandamana na desturi. Yakiunganishwa, maneno haya humfanya msomaji adhani kwamba kila mkongwe ni mlinzi wa kila desturi. Kikuria hakichanganyi hivyo. Abagaaka ni waliofikia daraja la uzee; inchama ni baraza dogo la siri linalolinda usalama wa kimila wa ikiaro, yaani ukoo na eneo lake; iritongo ni mkutano wa hadhara. Aidha, Ruel (1962) anaonesha kuwa Wakuria wana marika manane ya vizazi, katika mizunguko miwili ya marika manne manne, na mtu huingia katika rika lake kwa kuzaliwa, si kwa kuhesabu miaka. Wangoreme, Wanata na Waikoma wa Serengeti nao wana taratibu zao za uzee. Istilahi moja imefunika yote hayo.

Athari yake ni ya kiutendaji. Mzee anayealikwa kwenye semina na kutia saini tamko ni yule anayefikika. Uamuzi wa kufungua msimu ni wa inchama, ambayo kwa asili yake haikai hadharani. Saini ya huyo wa kwanza haiifungi inchama, wala uamuzi wa ikiaro kimoja haukifungi kingine. Kwa hiyo sentensi “wazee wa mila wamekubali kuachana na ukeketaji” haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa: wazee wepi, wa ikiaro kipi, kwa kikao gani?

Sarufi hukamilisha ufichaji huo. Miundo iliyozoeleka humweka mzee kuwa kiima cha kitenzi cha kutendwa: wazee wameshirikishwa, wameelimishwa, wamehamasishwa. Yeye hupokea tu. Ukeketaji unapotokea, mtenda hutoweka kabisa: “wasichana wamekeketwa”. Anayetajwa kwa kawaida ni ngariba, ambaye ni mwanamke. Baraza lililotoa ruhusa halimo katika sentensi.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya 1998 nayo haikuliziba pengo hili. Katazo lake limeelekezwa kwa mtu mwenye malezi au uangalizi wa aliye chini ya miaka 18. Mzazi anaonekana, mwenye kutangaza msimu haonekani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 10. Tofauti hiyo haielezeki kwa ukaidi wa mzazi mmoja mmoja.

Yawezekana kupinga kwamba Kiswahili, kama lugha ya taifa, kinahitaji neno pana litakaloeleweka hata na msomaji wa Lindi. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Kiswahili kimepokea mtemi kutoka lugha za bara bila kumchosha msomaji. Kule pwani ya Kenya, “wazee wa kaya” ni istilahi inayowafunga wazee wa Kimijikenda na mahali pamoja na baraza mahususi. Wazee wa inchama, wazee wa iritongo: miundo hii ni ya Kiswahili sanifu, na inajibu swali ambalo “wazee wa mila” inalikwepa.

Wala hatusemi kwamba wazee wasiheshimiwe. Iritongo imekuwa jukwaa la kukabiliana na wizi wa mifugo na kuamua migogoro. Uwezo huo ni hazina. Lakini kumheshimu mwenye mamlaka ni pamoja na kumtaja kwa cheo chake na kumpa kitenzi cha kutenda: ameruhusu, amekataza, amenyamaza. Watafiti na wahariri wa Kiswahili wakianza na hilo, binti anayekimbilia nyumba salama ya Mugumu mwezi huo wa Desemba walau ataandikiwa habari inayosema amemkimbia nani.