Arua kwa Wikendi, Tukianzia Lobule

Mpango wa kwanza uliandikwa nyuma ya daftari la shule, na ulianza na Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo ulipoharibikia. Vijana watano wa Lobule, wilayani Koboko nchini Uganda, waliomaliza sekondari walitaka wikendi moja mjini Arua: wakione Chuo Kikuu cha Muni, wapande Mlima Wati, walale mjini, warudi. Binti wa dada yangu alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeniletea daftari. "Mjomba, angalia kama itawezekana, na utusindikize." Safari iliwezekana, lakini ilibidi tuipange upya kuanzia mwanzo.

Tulianza na barabara. Kutoka Koboko hadi Arua ni takriban kilomita 55 za lami, sehemu ya ile barabara ya kilomita 92 inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Gari likishaondoka, saa moja hivi yatosha. Daftari lilisema saa moja, likaishia hapo. Halikuhesabu bodaboda kutoka Lobule hadi Koboko mjini, wala muda wa kukaa steji taksi ikingoja kujaa. Kwenye safari fupi kungoja hula siku kuliko mwendo wenyewe, na dawa yake ni idadi. Sisi tulikuwa sita. Tungefika steji wawili wawili, kila jozi ingengoja gari lake. Tulipofika pamoja, taksi ya abiria 14 ilibakiwa na nafasi nane tu, na dereva mwenyewe akawa na haraka ya kuzijaza.

Jambo la pili ni saa, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayesafiri upande wetu huu. Uganda inafuata saa za Afrika Mashariki. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa nzima, na Sudan Kusini nayo imekuwa hivyo tangu Februari 2021, ilipobadili saa zake. Koboko imekaa katikati ya mipaka hiyo miwili. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, hurudi nyuma saa moja bila kukuambia. Mtu aliyeagana na wenzake saa mbili hufika saa tatu akiamini amewahi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari kila mmoja alizima upangaji huo wa saa kwenye simu yake.

Kisha vitambulisho. Watatu kati ya vijana wetu ni wakimbizi kutoka Kongo. Makazi ya Lobule yamewapokea Wakongo tangu 2013. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya Uganda, lakini haki hiyo huenda vizuri zaidi ikiwa na kadi mfukoni. Tena tuliangalia kalenda ya mgao wa misaada kwa wakimbizi kabla ya kuchagua wikendi. Kijana ambaye jina lake linaitwa siku ya mgao huku yeye yuko Arua huirudisha familia nyuma kwa namna ambayo matembezi hayawezi kuifidia.

Sasa mpangilio wenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Tulikuwa na vitu vitatu, na kila kimoja kina saa yake. Chuo kina uhai siku za kazi. Mlima ni wa alfajiri. Mji wenyewe unaweza kutembelewa saa yoyote. Daftari lilikuwa limeweka chuo Jumapili na mlima Jumamosi alasiri, yaani kila kitu kwenye saa yake mbaya. Tukasogeza safari yote karibu siku nzima nyuma, tuondoke Ijumaa kabla ya adhuhuri.

Muni si chuo cha kukitazama ukuta. Kilianzishwa mwaka 2013, chuo kikuu cha umma cha kwanza katika eneo letu hili la West Nile, na makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa pande hizi hizi, Profesa Christine Dranzoa, mtaalamu wa ikolojia ya wanyamapori, aliyefariki 2022. Niliwataka vijana wawakute wanafunzi wakitoka darasani wamebeba vitabu, waulize mtu wa rika lao amefikaje pale na ada anaipata wapi. Jumapili wasingempata mtu huyo. Ijumaa alasiri walimpata, na mazungumzo yakaendelea hadi nikalazimika kuwaita mara mbili.

Wati uko Terego, wilaya iliyokatwa kutoka Arua Julai 2020, mwezi uleule Arua ilipopewa hadhi ya jiji. Huu ni mlima wa heshima. Masimulizi ya Walugbara, wenyeji wa huku, yanataja mashujaa wawili wa asili yao, Jaki na Dribidu. Dribidu alifia Wati, Jaki akafia Mlima Liru. Kwa sababu hiyo hatukupanda kimyakimya kama watu waliookota njia. Tulipita kwanza kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC I), tukajitambulisha, tukaomba mtu wa kutuongoza, tukamlipa kijana wa palepale. Itengee shughuli hiyo nusu saa kwenye mpango, kwa moyo mweupe.

Kwa nini alfajiri? Kwanza ni mvua. Miezi ya mvua, hasa Agosti na Septemba, mawingu hujikusanya mchana na radi huanza alasiri, na juu ya mwamba mtupu hakuna pa kujificha. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kina taabu nyingine: nyasi huchomwa, moshi na vumbi hufunga macho, na asubuhi ndipo hewa huwa na nafuu. Mimi huchagua Novemba, mvua zikielekea kukatika na majani yangali mabichi. Pili ni jua. Tunatumia saa ileile ya Mombasa ilhali tuko mbali sana magharibi yake, kwa hiyo huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili bado ni giza. Tulikodi gari zima tangu jioni ya Ijumaa, gharama tukaigawa kwa sita, tukatoka Arua saa kumi na moja na nusu. Kulipopambazuka tulikuwa tayari tunasalimiana na wenyeji.

Gesti tuliichagua kwa ukaribu wake na steji. Uzuri wa kitanda haukuhesabiwa. Na nauli ya kurudi ilitengwa kwanza kabisa, ikafungwa kwenye kitambaa, akapewa binti mmoja aliyekubaliwa na wote.

Jumapili ilikuwa ya mji. Ibada asubuhi, wengine Ediofe kwa Wakatoliki, wengine Mvara kwa Waanglikana, kisha tukatembea kuelekea kilima cha mji. Niliwasimulia jinsi ardhi hii ilivyokuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikarudi mikononi mwa Waingereza mwaka 1910 baada ya kifo chake, ikaingizwa Uganda 1914, na mwaka huohuo Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, akaweka kituo chake Arua. Wengi hulihusisha jina la mji na neno la Kilugbara la gereza. Hadithi hiyo iliwanyamazisha vijana kwa kitambo. Chakula kilikuwa ugali wa huku uitwao enyasa na mboga ya osubi, na Kiswahili kilitutosha kila mahali, kuanzia kwa mama wa chakula hadi kwa kondakta.

Saa nane tulikuwa steji, wote sita kwa pamoja. Tulipokaribia Koboko binti wa dada yangu akauliza mlima wa Jaki uko wapi. Nikamwambia Liru hauko mbali na kwetu, na kuufikia hakuhitaji gesti wala taksi ya Arua. Alifungua daftari lilelile, akageuza ukurasa mpya, akaandika: Liru, Ijumaa, kabla ya adhuhuri.