Moyo wa Raia Wakati wa Vita: Kuisoma Upya Insha ya Bonhoeffer

Krismasi ya mwaka 1942, Mchungaji Dietrich Bonhoeffer aliwaandikia marafiki zake wachache insha iitwayo "Baada ya Miaka Kumi". Miaka hiyo kumi ni ya utawala wa Hitler, aliyeingia madarakani Januari 1933. Nakala moja ilifichwa darini, nyumbani kwa wazazi wake mjini Berlin. Sisi Walutheri tumezoea kumtaja Bonhoeffer kama shahidi wa imani, aliyenyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Ni haki yake. Hata hivyo, kumheshimu shahidi hakutuzuii kumuuliza maswali, na swali langu ni hili: insha hii inamwelewaje raia wa kawaida, ambaye vita vilimkuta jikoni kwake na kazini kwake?

Bonhoeffer anataka kujua kwa nini watu wema walinyamaza. Anajibu kwamba Wajerumani walifundishwa kutii na kujitoa, wasifundishwe kwamba utii nao una mpaka, na kwamba mtu atawajibika mbele za Mungu kwa uamuzi wake mwenyewe. Kisha anazungumzia ujinga. Kwake yeye ujinga si upungufu wa akili. Nguvu za mtawala zinapoongezeka, watu hupokonywa uwezo wa kuamua, wakabaki kurudia maneno waliyopewa. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa hoja, anahitaji kukombolewa.

Mambo yaliyofuata yalionekana kumthibitisha. Tarehe 2 Februari 1943 majeshi ya mwisho ya Ujerumani yalisalimu amri Stalingrad. Siku 16 baadaye Goebbels aliuliza umati mjini Berlin kama unataka vita kamili, nao ukaitikia kwa shangwe. Lakini umati ule ulikuwa umechaguliwa. Tukitaka kujua moyo wa watu, tutazame mitaani. Julai mwaka huohuo Hamburg iliteketea kwa mabomu, wakafa makumi ya maelfu. Waingereza walitumaini kwamba mashambulizi ya namna hiyo yangevunja moyo wa raia. Baada ya vita, wachunguzi wa Marekani waliona kwamba imani ya watu katika ushindi ilikuwa imeshuka kweli, ila waliendelea kwenda kazini.

Sababu si ngumu kuielewa. Aliyepoteza nyumba usiku aliamka akiitegemea serikali ileile na chama kilekile kwa blanketi, supu na kadi ya chakula. Kusikiliza redio ya nje lilikuwa kosa la jinai, na kutamka kwamba vita vimeshindwa kungeweza kumfikisha mtu kwenye kifo. Basi wengi walifunika kombe mwanaharamu apite.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa insha. Anayeujua ukweli akanyamaza kwa sababu ana watoto si mjinga, ameogopa, amechoka. Bonhoeffer aliwaandikia watu wa tabaka lake, wakiwemo wanasheria na maofisa wa jeshi waliokuwa na njia ya kutenda kwa siri. Anaposema kwamba kwa walio wengi ukombozi wa ndani hauji kabla ya ule wa nje, mama aliye kwenye foleni ya mkate anaachiwa kungoja tu. Kweli, anaonya tusiwadharau watu, na katika kipande kifupi kinachochapwa pamoja na insha anasifu kuiona historia kutoka chini, upande wa walioonewa. Lakini kipande hicho hakikukamilika.

Mfano wa Lübeck unatusaidia kujaza pengo hilo. Mji huo ulipigwa mabomu usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende, tarehe 29 Machi 1942. Asubuhi yake Mchungaji Karl Friedrich Stellbrink, Mlutheri ambaye hapo awali aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Hitler, alihubiri kwamba Mungu amesema kwa sauti kuu. Siku chache baadaye alikamatwa. Aliuawa tarehe 10 Novemba 1943 pamoja na mapadre watatu wa Kikatoliki. Kanisa lake halikumtetea.

Mimi nisingehubiri hivyo. Kuwaambia wafiwa kwamba bomu ni sauti ya Mungu ni kumtwika Mungu kazi ya wanadamu. Lakini tujiulize kwa nini serikali yenye jeshi kubwa kiasi kile iliogopa hubiri moja. Ni kwa sababu wafiwa walisikia msiba wao ukielezwa na mtu mwingine asiye mtawala. Udikteta unaweza kuvumilia watu wenye huzuni, mradi yenyewe ndiyo iwaambie huzuni hiyo ina maana gani.

Kwa hiyo nawasihi washarika waisome insha hii katika jumuiya zao, wakiiweka kando ya kitabu cha Maombolezo. Bonhoeffer atatufundisha kupima utii wetu. Maombolezo yatatufundisha jambo ambalo yeye hakulifikia: kwamba hata mtu asiye na njia ya kutenda bado anaweza kumlilia Mungu kwa kutaja yaliyotokea, mji ulivyoanguka na watoto walivyokosa chakula. Vita vikija, tusiwahimize watu kutulia kabla hatujawapa nafasi ya kusema hayo mbele za Mungu, kanisani, kwa sauti.