Msuli wa Paja, Amri ya Nani?

Mwaka 1976 madaktari watatu wa Japani, Kiyonori Harii, Kitaro Ohmori na Shuhei Torii, walichapisha taarifa ya upasuaji ambao mpaka leo ndio msingi wa kazi ya kurudisha tabasamu kwenye uso uliopooza. Walitoa msuli mwembamba wa paja la ndani, uitwao grasilisi, pamoja na ateri, vena na neva yake, wakauhamishia shavuni. Mishipa ya damu wakaiunga na mishipa ya huko, na neva wakaishona kwenye neva inayoendesha msuli wa kutafuna ulioko juu ya sikio. Msuli ukaishi, na baada ya miezi kadhaa ukaanza kujikunja.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama ushindi wa hadubini, na kweli hadubini ilifungua njia. Mishipa inayoungwa ina upana wa milimita moja au mbili, na uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Japani ilikuwa tayari na mikono ya kazi hiyo: mwaka 1965, huko Nara, Komatsu na Tamai walikuwa wamerudishia kidole gumba kilichokatika kabisa. Lakini kwa maoni yangu, kuufanya msuli uishi ugenini si sehemu ngumu kuliko zote. Ngumu zaidi ni kuamua utapokea amri kutoka neva ipi, kwa sababu hapo ndipo panapotengana uso unaocheka na uso unaovutwa tu.

Neva ya uso ni ya saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Hupita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, halafu hugawanyika matawi makuu matano ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Mtu anayeamka asubuhi na mdomo umekwenda upande, bila udhaifu wa mkono wala mguu, mara nyingi neva yake imevimba na kubanwa ndani ya mfereji huo. Wengi wa hawa hupona, hasa wakianza dawa za steroidi ndani ya siku tatu, na hawahitaji kisu. Upasuaji ni kwa ajili ya yule ambaye neva yake ilikatika ajalini au katika kuondoa uvimbe, yule ambaye muda umepita bila nafuu, na mtoto aliyezaliwa bila neva hiyo kufanya kazi.

Muda hapa ni jambo la kufa na kupona kwa msuli. Msuli usiopokea amri hunyauka, na ikipita miaka miwili hivi, hata ukiletewa neva mpya hauamki tena. Kabla ya hapo daktari anaweza kuazima neva ya jirani. Charles Ballance alifanya hivyo London mwaka 1895, akaiunga neva ya uso na neva ya misuli ya bega. Njia hiyo ilikuwa na kasoro iliyoonekana wazi: mgonjwa akiinua bega, uso nao unakwenda. Neva ya ulimi iliyojaribiwa baadaye ilitoa nguvu nzuri, lakini ilipokatwa yote, nusu ya ulimi ilinyauka. Uso ulipata mwendo, ila mwendo wenyewe ulitoka mahali pasipohusika na furaha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Scaramella wa Italia, Smith wa Marekani na Anderl wa Austria waliigeukia neva ya upande mzima wa uso. Daktari hufungua shavu lenye afya, akagusa tawi moja moja kwa umeme mdogo, akitafuta yale yanayonyanyua pembe ya mdomo. Akikuta mawili yanayofanya kazi ileile, hukata moja na kuliacha lingine. Kisha huchukua neva ya hisia kutoka nyuma ya mguu, ambayo hasara yake ni ganzi ubavuni mwa unyayo, akaipitisha chini ya ngozi ya mdomo wa juu mpaka upande wa pili. Inayopandikizwa ni ala tu, mithili ya ganda la waya lisilo na waya ndani. Nyuzi hai lazima zikue humo zenyewe, kama milimita moja kwa siku. Kwa hiyo mgonjwa husubiri miezi tisa, pengine mwaka mzima. Daktari hugonga kwa kidole juu ya njia ya neva, na mgonjwa akihisi mchonyoto upande uliopooza, hiyo ni dalili kwamba nyuzi zimefika.

Ndipo grasilisi huletwa. Msuli mzima ungevimbisha shavu, kwa hiyo hukatwa kipande chake tu. Ukiwa bado pajani, hutiwa nyuzi za alama kwa vipimo sawa, ili shavuni uvutwe hadi urefu uleule. Ukilegea hautavuta kitu, ukikazwa mno mdomo utabaki umepinda. Pembe ya mdomo hujaribiwa kwanza kwa kuvuta nyuzi za kushonea, kuangalia kama mkunjo wa shavu unafuata mwelekeo wa upande mzima. Hatua hii hainyanyui vichwa vya habari, lakini ndiyo inayoamua mwonekano.

Faida ya njia hii ya hatua mbili ni kwamba kicheko kikija, pande zote hupokea amri moja. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi zinazofika ni chache, na mvuto mara nyingine huwa hafifu.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Möbius, ambao kwa kawaida hupoozesha uso pande zote mbili, hakuna upande wa kuazima. Ronald Zuker na wenzake wa hospitali ya watoto ya Toronto waliiunga grasilisi na neva ya msuli wa kutafuna ulio shavuni: iko karibu, ina nguvu, na msuli huanza kucheza baada ya miezi michache tu. Wasiwasi ulikuwa kwamba mtu angelazimika kuuma meno ili atabasamu. Taarifa ya mwaka 2006 ya Manktelow, Zuker na wenzao kuhusu watu wazima 27 ilionyesha kuwa asilimia 85 walijifunza kutabasamu bila kuuma, na wengi wao walitabasamu bila kukusudia, walau mara mojamoja. Ubongo wa mtu mzima ulikuwa umejipangia njia mpya ya kupeleka amri. Sijui matokeo ya upasuaji yanayonigusa kuliko hayo.

Hata hivyo, mtoto aliyepooza upande mmoja ningemchagulia neva ya upande wa pili, kwa kuwa ana miaka ya kusubiri na nyuzi zake hukua vizuri. Kwa mzee hesabu ni nyingine. Kwanza jicho, maana lisilofumba hukauka na kupata kidonda; kidhahabu cha kama gramu moja kikishonwa ndani ya kope la juu hulishusha kwa uzito wake. Kisha mdomo, kwa njia aliyoieleza Daniel Labbé wa Ufaransa mwaka 1997: msuli wa kutafuna wa juu ya sikio hushushwa hadi kano yake ifike pembe ya mdomo, ukiwa bado na damu na neva yake, bila hadubini na bila mwaka wa kungoja.