Heko kwa Mafundi wa Matondoni

Kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, kina sifa ya majahazi tangu enzi za mababu. Kuunda chombo kipya ni kazi ya kusifiwa, lakini mimi namvulia kofia zaidi fundi anayefufua kikuukuu. Yeye hachagui mbao. Huanza na uchakavu ulioachwa na wengine.

Jahazi hupandishwa pwani maji yakijaa, likaegemezwa magogo. Fundi hugonga mbao moja moja, akisikiliza. Palipooza hupajua kwa mlio. Taruma bovu, yaani ubavu wa chombo, hung'olewa, na jipya huchongwa kwa tezo kutoka kwenye tawi ambalo tayari limepinda, maana mti uliopinda wenyewe una nguvu kuliko uliolazimishwa. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Ndipo huja kalafati: pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa katika kila ufa kwa patasi na nyundo. Kazi hii huchosha mabega, na abiria haioni kamwe. Chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa kuzuia wadudu watoboao mbao.

Kamba nazo zina elimu yake. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa dhaifu, foromali inayoshikilia tanga itawaangukia mabaharia. Demani, kamba ya kuongozea tanga, ikikwama upepo ukivuma ghafla, chombo hupinduka.

Wenye vyombo, mlipeni fundi ujira unaomstahili, na kila fundi apewe vijana wa kumshikia tezo.