Sikio la Tunguu

Ukitoka mjini kuja Paje, kabla hujafika msitu wa Jozani, gari linapita Tunguu. Kijana wa leo akisikia Tunguu anafikiria chuo kikuu cha SUZA. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na wageni wengine: Wamarekani wa mradi wa Mercury, waliojenga hapo kituo cha kusikiliza vyombo vya anga vinavyopita juu ya Afrika Mashariki. Kilikuwa kimoja kati ya vituo 18 vilivyotandazwa kuizunguka dunia, viwili vyake vikiwa melini. Unguja ilikuwa bado chini ya himaya ya Mwingereza, na makubaliano ya kituo yalifungwa mwaka 1960 baina ya Uingereza na Marekani. Chama cha Hizbu kilikipinga, na watu wakanong'ona kwamba ni kituo cha makombora. Kombora hakikuwa nalo. Hata rada hakikuwa nayo.

Hilo la rada ndilo lililonivuta, kwa sababu kituo kisicho na rada hubaki cha kusikia tu. Nimekuwa nikisikiliza podikasti za Apollo 13, safari ya Mwezini iliyoharibikiwa njiani, hasa ile ya BBC iitwayo 13 Minutes to the Moon, ambayo katika msimu wake wa pili, wa mwaka 2020, daktari Kevin Fong anasimulia safari hiyo. Huku Paje kaskazi ikishika, upepo hauna breki. Unatafuta upande wa ukuta uliokingika, unaweka spika masikioni, na unamaliza kipindi bila kuona picha hata moja. Wala hukosi kitu. Wahandisi wa Houston Aprili 1970 nao hawakuona chochote. Walikuwa na sauti masikioni na tarakimu kwenye skrini, basi. Filamu inakuonesha tangi likipasuka. Sauti inakukalisha kwenye kiti cha mtu asiyejua kama kuna kilichopasuka, na kwa anayetaka kuelewa kazi ilivyofanywa, hicho ndicho kiti cha kukalia.

Tunguu ilikuwa kazi ya masikio matupu. Kituo kilipokea telemetria, yaani vipimo vya chombo na vya mwili wa rubani vikitumwa kwa redio, na kilikuwa na redio ya kuzungumza naye. Kazi ya kupima chombo kiko wapi hasa iliachiwa vituo vyenye rada. Tunguu haikuweza pia kukiamuru chombo kutoka chini. Ilisikia, iliuliza, ikaandika ripoti na kuituma Marekani kwa teleprinta.

Muda wenyewe ulikuwa mfinyu. Chombo cha Mercury kilikwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwenye kimo cha kilomita mia mbili na ushei. Kwa kimo hicho, kituo kinakiona chombo kwa redio kikiwa ndani ya kilomita kama 1,600 kila upande. Kikipita juu ya utosi ni kilomita 3,200, kwa mwendo wa karibu kilomita 7.8 kila sekunde: dakika zisizofika 7. Kano, kituo kilichotangulia, kiko karibu kilomita 4,000 kutoka Unguja, kwa hiyo baina ya masikio ya Kano na ya Tunguu palikuwa na kimya cha dakika moja na ushei. Katika dakika zako chache unatakiwa usalimie, usome geji, daktari asikilize moyo, umpe rubani ujumbe wa makao makuu, kisha umwachie mwenzako wa mbele. Aliyepoteza dakika mbili kwa redio mbovu amepoteza theluthi ya zamu yake.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn aliruka kutoka Cape Canaveral ndani ya Friendship 7. Kwa saa zetu za leo ilikuwa saa 11 na dakika 47 jioni. Ukirudi kwenye kalenda ya Hijria unakuta ni katikati ya Ramadhani ya 1381. Glenn aliingia kwenye masikio ya Tunguu baada ya kama nusu saa, yaani Unguja nzima ilikuwa ikisubiri adhana ya Magharibi, futari jikoni. Hapo juu yetu alivuta kamba ya mpira iliyofungwa ndani ya chombo ili madaktari waone moyo wake unavyofanya kazi mwili ukishughulika bila uzito. Moyo ulipanda, ukatulia. Akaondoka kuelekea Bahari ya Hindi, na muda si mrefu akaliona jua likizama kwa upande wake. Mpaka hapo safari haina kisa.

Kisa kilianza kwenye mzunguko wa pili. Mtu aliyekuwa akifuatilia telemetria huko Cape aliona kipimo kilichoitwa Segment 51 kikitoa alama isiyotarajiwa. Maana yake: kinga ya joto haijafungwa tena mahali pake. Kinga hiyo ndiyo sahani ya chini ya chombo inayobeba moto wa kurudi kwenye angahewa, moto wa nyuzi 1,650 za Selsiasi juu ya sahani yenyewe. Iliundwa ili iachie dakika za mwisho, chombo kikiwa tayari kinashuka kwa mwavuli, na kuburuta chini yake mfuko wa hewa wa kupunguza kishindo cha maji. Ikiachia mapema, Glenn anaungua.

Alama ilikuwa moja. Hakuna geji ya pili iliyopima jambo hilo, na dirisha la Glenn halikuweza kumwonesha sehemu ya chini ya chombo chake. Chris Kraft, aliyekuwa akiongoza safari kutoka chini, alikuwa kama kadhi aliyeletewa shahidi mmoja katika shauri la roho ya mtu: hawezi kumkubali, na hathubutu kumfukuza.

Ukiondoa misisimko, namna walivyolitatua ni somo zuri la ufundi. Kwanza walitafuta shahidi wa pili. Vituo vyote viliamriwa kuitazama Segment 51 kwa makini, na vimkumbushe Glenn kwamba swichi ya mfuko iwe imezimwa. Meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, iliyompokea baada ya Tunguu, ikampa ujumbe huo. Huko Muchea, Australia, mwanaanga mwenzake Gordon Cooper akamuuliza kama anasikia chochote kikigonga-gonga. Hakusikia. Kwenye mzunguko wa mwisho, Hawaii ikamwomba aiweke swichi kwenye otomatiki: kama mfuko umefunguka kweli, taa itawaka. Aliiweka. Taa haikuwaka.

Ushahidi huo ulielekea kusema kipimo kinadanganya, lakini haukutosha kukata shauri. Hapo ndipo walipobadilisha swali. Badala ya kuendelea kuuliza kama kinga imelegea, waliuliza: ni hatua ipi itakayofaa iwe imelegea au haikulegea? Juu ya kinga palikuwa na pakiti ya roketi tatu za kupunguza mwendo, imefungwa kwa mikanda mitatu. Kwa kawaida roketi zikishawaka, pakiti hutupwa. Wakiiacha, mikanda itaishikilia kinga hadi hewa iwe nzito ya kutosha kuigandamiza yenyewe kwenye chombo. Maxime Faget, mmoja wa waundaji wa Mercury, alikubali kwa sharti moja: roketi zote tatu ziwe zimewaka, maana baruti iliyobaki ndani ya moto ule ingelipuka. Zote tatu ziliwaka. Pakiti ikabaki.

Hatari nyingine haikuondoka. Pakiti ikiungua upande mmoja kabla ya mwingine, ingeweza kukiyumbisha chombo au kuijeruhi kinga iliyokuwa nzima. Walikubali hatari ndogo wanayoijua ili kuikwepa kubwa wasiyoijua, na nadhani walikuwa sawa, ingawa Kraft mwenyewe hakuupenda uamuzi ule. Redio ilikatika kwa dakika kama 4 na nusu chombo kikiwa kimezungukwa na hewa iliyowaka. Glenn aliona vipande vya moto vikipita dirishani na hakujua kama ni pakiti au ni kinga. Ilikuwa pakiti. Alitua Atlantiki, akaokotwa na manowari Noa. Uchunguzi ukakuta swichi yenye mhimili uliolegea. Kinga ilikuwa imefungwa muda wote.

Siwasamehe kwa jambo moja. Glenn hakuambiwa hofu yao waziwazi mpaka dakika za mwisho, chombo kikiwa kinashuka. Alikuwa ameshahisi: vituo kadhaa vikikuuliza swali lilelile kwa sauti ya kawaida mno, unajua kuna kitu. Mwenyewe alilalamika baadaye kwamba rubani anastahili kujua hali ya chombo chake, na hapa haki ni ya rubani. Aliyemo ndani ndiye aliyekuwa na masikio mengine, mgongo mwingine wa kuhisi mtikisiko. Ukimficha unajinyima shahidi uliyekuwa ukimtafuta.

Sasa rudi kwenye Apollo 13, ndipo utaona kwa nini kuzisikiliza safari hizi mbili pamoja kuna faida. Asubuhi ya Aprili 14, 1970 kwa saa zetu, saa 12 na dakika 8, tangi namba 2 la oksijeni lilipasuka chombo kikiwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani. Mara hii wahandisi walikosea kwa upande wa pili: Sy Liebergot, aliyesimamia umeme na hewa, alidhani kwanza ni vipimo vinavyodanganya, kwa sababu vitu vingi vilionekana kuharibika kwa pamoja kupita akili. Mwaka 1962 kipimo kilidanganya kikaaminiwa nusu nusu. 1970 vipimo vilisema kweli vikatiliwa shaka. Kilichomaliza ubishi ni Jim Lovell kuchungulia dirishani na kuona gesi ikivuja kwenda angani. Tangi, seli za umeme, waya mkuu na jicho la mtu: mashahidi wanne waliosimama mbalimbali. Katika rekodi unaweza kuisikia dakika ile ukumbi unapoacha kubishana na geji na kuanza kuhesabu hewa iliyobaki. Sauti hazipandi, ila sentensi zinakuwa fupi.

Tunguu haikuwamo katika hayo. Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya Gordon Cooper, Mei 1963. Akipita juu ya Zanzibar, Cooper aliwatumia salamu viongozi wa Afrika waliokuwa wakikusanyika Addis Ababa, siku chache kabla ya OAU kuzaliwa. Baadaye umeme wa chombo chake ukaharibika, mitambo ya kujiongoza ikafa, akalazimika kukirudisha kwa mkono, kwa saa yake na kwa nyota za dirishani. Aliyemhesabia sekunde za kuwasha roketi, kutoka meli iliyokuwa karibu na Japani, alikuwa John Glenn. Mara hii hakuna aliyefichwa kitu, na Cooper alitua kilomita chache tu kutoka manowari iliyokuwa ikimngoja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wengi walihamishwa kwa manowari Manley, serikali mpya ikataka kituo kiondoke, na Aprili mwaka uleule kikavunjwa. NASA ikahamia Madagaska.

Mazungumzo ya Glenn na vituo yalichapishwa na NASA yenyewe, na Zanzibar imo kwa jina lake. Podikasti ya Kiswahili juu ya kisa hiki inawezekana kesho, na Tunguu sasa ina chuo chenye vijana na kompyuta. Wakinisikiliza, wasianze na kurushwa kwa roketi. Waanze na mzunguko wa pili, karibu saa 2 usiku, watu wameshafuturu: Cape wameshaiona Segment 51, meli ya Bahari ya Hindi bado haijazungumza, na Glenn anajibu maswali ya Tunguu bila kujua lolote. Dakika zote zile, bila kukata.