Barua ya BAOBAB na Adabu ya Kunusuru

Mei 2003 Ayesha Imam na Sindi Medar-Gould wa BAOBAB, jumuiya ya kutetea haki za wanawake nchini Nigeria, waliwaandikia watetezi wenzao wa nje. Waliwaomba waache kusambaza barua za kumwokoa Amina Lawal, aliyehukumiwa kupigwa mawe huko Katsina Machi 2002. Ajabu, wanaomtetea wanakataa kusaidiwa! Lakini isome, utaona wana hoja.

Barua zile zilidai kuwa Mahakama ya Juu ya Nigeria imekwishathibitisha adhabu. Si kweli, kesi ilikuwa bado katika Mahakama ya Rufaa ya Sharia ya Katsina. Wakakumbusha pia kisa cha Bariya Magazu, msichana wa Zamfara, aliyechapwa viboko Januari 2001 kabla rufaa yake haijasikilizwa. Wanasema iliharakishwa makusudi, ili kuzikaidi kelele za nje. Aliyechapwa ni yeye, si waliopiga kelele.

Msaada hawakuukataa. Walitaka wageni wawaulize kwanza wenye kesi, wahakikishe habari, na wasiutukane Uislamu, maana matusi hayo humpa nguvu yule asiyetaka rufaa isikilizwe. Kuhakikisha habari tumeamrishwa sisi kabla yao, katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Na sisi je? Kwa kuwa Mzungu amepinga, wengi wetu tuliitetea hukumu ile bila kuisoma. Nami nilikuwamo.

Tarehe 25 Septemba 2003 rufaa ilishinda, makadhi wanne dhidi ya mmoja. Aliyemhukumu mwanzo alikuwa kadhi mmoja, ilhali sheria ya jimbo ilitaka watatu. Hakupewa nafasi ya kutosha kujitetea. Na mwenye kukiri zina anaweza kurudi katika kukiri kwake. Mawakili, miongoni mwao Hauwa Ibrahim na Aliyu Musa Yawuri, walitumia pia kauli ya Wamaliki kuwa mimba ya mtalaka yaweza kunasibishwa na mume wa zamani hadi miaka mitano. (Sisi Mashafi tunasema minne.) Hiyo ni shubha, na hadd huondoshwa kwa shubha.

Si kila wanachokidai akina mama hao nakiafiki. Kasoro ya barua yao, kwa mtazamo wangu, ni kutozifafanua hoja hizi za fiqhi, ambazo ndizo zilizomwokoa mama yule. Mwanafunzi anayesoma mlango wa hudud na aisome pamoja na hukumu yenyewe ya Katsina.